Wazazi mnaotumia magari ya shule: mara ya mwisho kupata ujumbe wa shule usiohusu ada ilikuwa lini?

FundiTandika:

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Tandika. Nina mtoto wa kiume darasa la tano, shule ya binafsi, anakwenda na kurudi na gari la shule. Jina la shule sitalitaja, na msinifuate inbox kuniuliza.

Wiki tatu zilizopita, Jumamosi, nafua sare. Nikashika shati jeupe, nikakuta mfuko wa kifuani umeshonwa kwa mkono, kwa uzi mweusi. Mishono mikubwa mikubwa, fundo limeachwa kwa nje. Uzi wenyewe ni wangu, ule wa suruali. Yaani mtoto wa fundi kajificha, kashona shati mwenyewe, ili mama yake fundi asijue kuwa limechanika. Nilikaa pale kwenye beseni mpaka povu likaisha.

Nikamwita. Akasema limenaswa na msumari wa dawati. Sasa jamani, kwa kazi hii msumari naujua. Msumari unatoboa pale ulipoingia, kisha unachana kwa mstari mmoja. Huu mfuko uling'oka pembe zote mbili za juu kwa mpigo, na kitambaa cha shati kimevutika kuelekea chini. Mtu kaingiza vidole mfukoni, akavuta.

Ilimchukua siku tatu kusema. Kwenye gari kuna vijana wawili wa darasa la saba wanaokaa siti ya nyuma. Kila asubuhi wadogo wanatoa mia mbili, wao wanaita "nauli ya siti". Asiye nayo anapekuliwa. Imeanza Januari. Na mimi mwezi wa pili nilimchapa huyu mtoto kwa sababu alikuwa anaomba hela ya kula mara mbili mbili, nikadhani ameanza kamari za mtaani.

Nikafungua simu, nikahesabu ujumbe wa shule tangu mwaka uanze. Upo 23. Ada na michango 14, fulana za michezo 3, mahafali 2, kufunga na kufungua shule pamoja na sikukuu 4. Wa usalama au tabia ya watoto hakuna hata mmoja. Ripoti ya muhula imeandikwa "Tabia: Nzuri sana". Basi.

Jumatatu nikaenda. Mwalimu mkuu kanipokea vizuri tu, kanipa kiti, kisha akaniambia, "Mama, hilo mbona tulishalimaliza?" Kumbe wanajua tangu mwezi uliopita! Matroni wa gari aliripoti. Wale vijana walichapwa viboko viwili viwili, na wangu akachapwa kimoja kwa kosa la kutosema. Nikauliza mbona sikuambiwa. Akajibu hawapendi kuwasumbua wazazi kwa mambo madogo ya watoto.

Tangu ile ajali ya basi la shule Karatu, 6 Mei 2017, walipokufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva, mimi kila nikitaka kumwandikisha mtoto nauliza breki, nauliza matairi, nauliza dereva ana leseni ya daraja gani. Sijawahi kuuliza nani anakaa na nani humo ndani.

Naomba mniambie. Shule zenu zinawaambia nini kuhusu tabia na usalama wa watoto, kwa njia gani, na baada ya muda gani?

---

KidumeMbagala:

Mama, pole, ila umekuza jambo. Wote tulinyang'anywa hela shuleni, na tulichapwa, na leo tuko hapa tunaandika. Mtoto wa kiume mfundishe kurudisha ngumi. Au mpeleke bweni, akirudi atakuwa mwanaume.

---

Mama Mapacha:

@KidumeMbagala darasa la tano dhidi ya wawili wa darasa la saba, arudishe ngumi ipi? Na bweni ndiko hakuna siti za nyuma? Serikali yenyewe ilishaona, tangu Machi 2023 imezuia bweni kuanzia awali hadi darasa la nne, labda shule iwe na kibali. Haikuzuia kwa kupenda.

Fundi, pole sana. Kwangu nina mapacha darasa la tatu. Shule yao ina daftari la mawasiliano, kila Ijumaa linarudi nyumbani. Nilifurahi sana mwanzoni. Sasa hivi kila wiki limeandikwa "Anaendelea vizuri", mwandiko ule ule, wino ule ule, hata wiki ambayo mmoja alikuwa amelazwa na malaria hajakanyaga shule. Nimeutunza huo ukurasa.

---

MwalimuChaki:

Niseme kama mwalimu, miaka 17 kazini, shule ya serikali.

Kwanza hilo la kiboko. Kanuni zetu za mwaka 2002 zinasema adhabu ya kiboko anatoa mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Visizidi vinne. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, kama yupo. Na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Kwa hiyo dada Fundi, ukirudi pale usianze na "mbona hamkuniambia". Anza na "naomba kujua kwenye kitabu mmeandika kosa gani la mwanangu". Kutosema kwamba unaonewa ni kosa la ukurasa gani? Kama kitabu hakipo, hapo mazungumzo yatabadilika yenyewe.

Sasa la pili, na hili najua mtanishambulia. Mnauliza kwa nini shule hazisemi. Shule binafsi zinaogopa mzazi atahamisha mtoto na kwenda kulisema kanisani na msikitini. Hiyo mnaijua. Ila mimi nipo serikalini, sina mteja wa kumpoteza, na bado kuna mambo siyasemi. Niwaambie kwa nini.

Miaka kadhaa nyuma kijana wangu mmoja, mtoto mpole, alikamatwa na kalamu za wenzake saba kwenye begi. Nikampigia baba yake, kistaarabu kabisa, nikasema mzee njoo tuongee, inaonekana kuna kitu kinamsumbua. Baba akasema asante mwalimu, nimekuelewa. Kesho yake mtoto amekuja anachechemea. Anakaa upande mmoja wa makalio. Nikamwuliza, akaniangalia tu. Mimi ndiye niliyempigia simu.

Tangu siku ile, kabla ya kupima kosa, nampima mzazi. Wengine naita. Wengine namwita mama peke yake, saa ya mchana. Wengine namaliza na mtoto mwenyewe chini ya mkorosho, maana chumba cha ushauri nasaha kwetu ni stoo ya jembe na mafagio. Na mwalimu wa malezi ni mimi huyo huyo mwenye vipindi vya Kiswahili madarasa matatu.

Kwa hiyo si kila ukimya ni dharau. Huo wa shule yako dada, hapana, huo ni uvivu na biashara.

---

KidumeMbagala:

Mwalimu nakuheshimu, lakini kiboko kikifutwa shule zitakuwa vijiwe.

---

MsomajiKimya:

@KidumeMbagala Bukoba, Agosti 2018. Mtoto wa darasa la tano, kadhaniwa kaiba mkoba wa mwalimu, kapigwa, kafa. Machi 2019 Mahakama Kuu ilimhukumu mwalimu kunyongwa. Familia mbili zimekwisha kwa mkoba. Ukimaliza kusoma hilo uje tuongee vijiwe.

---

DadaWaGari:

Nimekuwa nasoma huu uzi tangu asubuhi natetemeka. Nilikuwa matroni wa gari la shule miaka miwili, niliacha.

Niwaambie kazi ilivyo. Tunaanza saa kumi na moja kasoro alfajiri, giza. Watoto wa kwanza kupanda ndio wadogo, maana wanakaa mbali, na wanalala. Gari la siti 29, tunabeba hadi 45. Mimi nasimama mlangoni, kushusha na kupandisha, nabeba mabegi, nashika wa awali wasidondoke. Mgongo wangu uko kwa watoto. Kinachofanyika siti ya nyuma nakisikia, sikioni. Siti ya nyuma inachukuliwa na wakubwa, hiyo ni sheria yao, haijaandikwa popote. Na njia nzima dereva kafungulia redio.

Tukifika shule, kitu nilichojifundisha mwenyewe bila mtu kuniagiza: wote wakishuka narudi hadi mwisho, nainama, naangalia chini ya kila siti. Mara mbili nimekuta mtoto kalala kwenye mabegi. Mara mbili! Gari likishafungwa juani pale, saa nne mtoto atakuwaje? Ulizeni shule zenu nani anafanya huo ukaguzi na anasaini wapi.

Kuhusu taarifa. Siku ya kuajiriwa niliambiwa maneno haya: "Mzazi akikuuliza chochote, mwambie aende ofisini." Nilimwambia mama mmoja dirishani kwamba mwanao leo katapika na hajala, nikaitwa, nikaonywa. Kwa hiyo huyo matroni wa kwako Fundi aliyeripoti, msimlaumu. Alifanya alichoruhusiwa. Taarifa ilifia ofisini.

Nilichokuja kuona kinasaidia ni kitu kidogo. Panga siti. Kila mtoto na siti yake, orodha imebandikwa juu ya kioo, wakubwa mbele, wadogo karibu yangu ninapowaona. Niliomba, nikaambiwa itachelewesha gari.

---

FundiTandika:

@DadaWaGari asante. Hilo la kuinama chini ya siti nimelisoma mara nne.

@MwalimuChaki umenigusa pabaya. Nimesema juu kule kwamba nilimchapa kwa kuomba hela. Hujanitaja, ila najua uliniona.

Nina la kuongeza, halafu mnichambe. Ile Jumatatu nilivyotoka shule na hasira, niliandika kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Nikataja majina ya wale vijana wawili. Ndani ya dakika kumi kundi likawaka. Mmoja akatuma picha ya mtoto mmojawapo kutoka kwenye mahafali ya mwaka jana, kaichora duara jekundu. Mwingine akasema baba wa yule ni mtu wa fulani, anabebwa. Nilifuta, lakini kufuta ulichokwisha sema kwenye kundi la watu 61 ni sawa na kuzoa maji yaliyomwagika mchangani.

---

Mama Mapacha:

Hapo ulikosea, dada, nakwambia kwa kukupenda. Mtoto wa darasa la saba bado ni mtoto, miaka 13, 14. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamlinda na yeye. Huyo aliyetuma picha ndiye angeitwa kituoni, wala si kijana.

---

MwenyeKilindini:

Salamu kutoka Mombasa. Naufuata uzi huu na huku kwetu hali ni hiyo hiyo, sura nyingine tu.

Kenya kiboko kilipigwa marufuku 2001. Mimi sisemi kimekwisha, mwanangu wa sekondari ameshakula bakora za kutosha. Tofauti ni kwamba nikienda kwa mkuu wa shule, yeye ndiye anayebabaika, si mimi. Hilo ni jambo kubwa kuliko mnavyodhani.

Kinachoninyima usingizi ni bweni. Mwaka huo huo wa 2001, Kyanguli, moto wa usiku ulichukua wavulana 67. Septemba 2024, Endarasha kule Nyeri, watoto 21, wengi wa shule ya msingi. Nanyi Tanzania mna Shauritanga ya 1994, mna Idodi ya 2009, wasichana 12. Kwa hivyo siku ya wazazi mimi siendi na kuku peke yake. Naenda na kamba ya kupimia.

Wizara yetu ina mwongozo wa usalama wa shule tangu 2008. Kitanda kwa kitanda mita 1.2. Mlango ufunguke kwa nje, upana futi tano, na uwe kila mwisho wa bweni. Dirisha lisiwe na vyuma. Nilipima. Kati ya kitanda cha mwanangu na cha mwenziwe mguu wangu haukupita ila kwa ubavu. Dirisha lina nondo. Mlango wa nyuma upo, una kufuli, na kufuli lina kutu! Nikamwuliza mlezi wa bweni ufunguo uko wapi. Akasema uko kwa mwalimu wa zamu. Mwalimu wa zamu analala wapi? Kijijini.

Na barua ya shule muhula ule ilikuwa na kurasa mbili, juu ya mchango wa basi jipya.

Nimewaandikia bodi. Kufuli limeondolewa, pakawekwa komeo la ndani. Nondo bado zipo, wanadai ni za kuzuia wezi.

---

KidumeMbagala:

Hiyo ya kufuli imenikata maini. Nina binti bweni Morogoro. Kaka wa Mombasa, hizo namba za vitanda ziandike tena polepole.

---

MwenyeKilindini:

Mita 1.2 kati ya vitanda. Njia ya katikati mita 2. Hizo ni za huku, za kwenu uliza wathibiti ubora wa shule wa wilaya. Lakini hata bila namba, lala kwenye kitanda cha binti yako, fumba macho, inuka uende mlangoni bila kufungua macho. Utapata jibu.

---

MsomajiKimya:

Kwa wanaouliza pa kwenda shule ikikaa kimya. Mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu, kisha kamati ya shule kama ni msingi au bodi kama ni sekondari, kisha Afisa Elimu Kata. Hiyo ni kwa mambo ya nidhamu na uonevu wa kawaida. Kama kuna kipigo kilichojeruhi, au mtu kamshika mtoto pasipostahili, usipande ngazi yoyote ya shule. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga 116, simu ya msaada kwa watoto. Ni bure, mtoto mwenyewe pia anaweza kupiga. Na usimfulie nguo mtoto kwanza wala usimwogeshe. Nimesimamia kesi mbili zilizofia kwenye beseni.

---

MwalimuChaki:

Naunga mkono hayo ya mwisho kwa mikono miwili.

Fundi, ukienda kwenye kikao, usiombe shule ikuambie "kila kitu". Watakukubalia na hawatafanya. Omba vitu vitatu vya kuhesabika: mwanangu akiumizwa au akipewa adhabu, nijue siku hiyo hiyo kwa simu, wala si kwa ripoti. Nani anayenipigia, jina lake. Na orodha ya siti kama alivyosema DadaWaGari. Uandike, wasaini, ubaki na nakala. Mwalimu mkuu anaogopa karatasi yenye sahihi kuliko kelele.

---

Mama Mapacha:

Na umwulize mtoto swali zuri. "Shule leo ilikuwaje?" jibu ni "poa" mpaka kiyama. Mimi nauliza, "Leo nani alikaa peke yake?" Wangu wananimwagia yote.

---

FundiTandika:

MREJESHO.

Samahani kwa ukimya, ilikuwa msimu wa sare.

Kikao kilifanyika Jumamosi ile nyingine. Tulikwenda wazazi tisa kati ya wale 61 waliowaka kwenye kundi. Kitabu cha adhabu kililetwa. Kipya, bado kinanuka dukani, na maandishi ya miezi minne yote ya wino mmoja. Nilinyamaza, nikamwacha mwenyekiti wa kamati akipekue mwenyewe. Amefanya kazi benki, aliona.

Simu ya siku hiyo hiyo wamekubali, kwa maandishi, na anayepiga ni mwalimu wa malezi. Orodha ya siti imebandikwa. Ukaguzi wa chini ya siti wamesema "wataangalia". Nimewaambia nitakuwa nauliza kila Jumatatu, na Jumatatu mbili nimeshauliza. Kwenye kundi niliomba radhi kwa kutaja majina. Watu watatu walijibu kwa kidole gumba.

Jana sasa. Saa tisa mchana anaingia kibandani mama wa mmoja wa wale vijana, na kijana mwenyewe nyuma yake. Nilijua ni ugomvi, nikashika mkasi nikauweka chini ya meza, sijui kwa nini. Kumbe kaleta shati la sare, limembana, litanuliwe. Hakusema lolote la nyuma, nami sikuuliza. Nikachukua tepu.

Nikimpima mabega, nilipoweka mkono tu akaruka, kama mtu aliyeguswa na pasi. Nikamwambia inua mikono. Shati alilovaa likapanda, na mimi nimesimama nyuma yake. @MwalimuChaki, ulisema yule wako alikuwa anakaa upande mmoja. Huyu ni mgongo mzima, mengine yameshakauka, mengine ya juzi. Mama yake alikuwa anaangalia barabarani.

Niliandika vipimo. Bega 16, kifua 34. Nikamwambia mama, Ijumaa uje uchukue, ila uje peke yako tuongee. Akaitikia kwa kichwa.

Walipoondoka nilipiga 116. Dada aliyepokea hakuwa na haraka, aliniuliza taratibu, akasema afisa ustawi wa jamii wa kata atapewa taarifa na jina langu halitatajwa. Leo asubuhi afisa kanipigia, anakuja Alhamisi kabla ya mama yule.

Shati lipo hapa mezani, nimeshalifumua.